Taa za Matanga Zisizogusa Shaba

Jumanne, 4 Juni 2024

Imewaka! Saa tano asubuhi, hapa dukani kwangu Busia, na shahidi ni mimi na kuku wa jirani.

Taa moja ndogo ya LED. Waya sijauchubua popote. Nyaya mbili zilizosokotwa nimezitenganisha kwa kidole, nikapitisha mmoja ndani ya kipete cheusi cha taa, kipete cha sumaku kinachofunguka, nikakifunga — mwanga. Nikakifungua — giza. Shaba haijagusa shaba. Umeme unavuka kwa nguvu ya sumaku, waya ukiwa na plastiki yake yote. Vipete nimevitoa kwenye kompyuta mbovu za ng'ambo, upande wa Kenya. Sanduku la kuuchangamsha umeme kabla haujaingia kwenye waya ni la tatu hili. Mawili yaliungua.

Chama chetu cha mazishi cha Sikuda kinataka seti mpya ya taa za matanga, kumi. Mkutano wa kuamua ni Jumapili ya tarehe 16. Mzee Opendi naye atapeleka zake, za waya na holda kama siku zote. Ndiye aliyenifundisha ufundi. Akiziona hizi atapinga, namjua.

Alhamisi, 6 Juni

Amepinga.

Alikaa kwenye kreti la soda, akafungua na kufunga kipete mara saba, anatabasamu. Nikadhani nimemshika. Halafu: "Akiror, mwanangu, hii kitu ni nzuri. Lakini ni ya kuonyesha watu. Si ya matanga."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kwanza, akasema, inakula umeme. Tukapima, maana mimi sikubali maneno matupu — taa zangu nne wati thelathini, zake nne, mwanga uleule, ishirini na mbili. Basi, ameshinda hapo. Tena vipete vinapata joto; aliligundua hilo kabla sijamwambia. Tena sanduku moja likifa, taa zote zimekufa. "Mimi balbu moja ikiungua, zingine zinakaa! Na fundi yoyote wa Mulanda anatengeneza, hata na meno." La meno ni kweli. Huchubua waya kwa meno mpaka leo, na meno yenyewe yamebaki machache.

Nami nikamwambia: kwenye matanga yetu taa haikai mahali pamoja. Jioni iko kwenye hema. Baadaye wapishi wanaitaka, halafu waimbaji wanaivuta kwao. Kila kuhama ni kukata na kuunga, gizani, na manyunyu juu. Yangu unaitelezesha tu. Na kiungo hakuna, cha kulowa ni nini?

"Mvua? Fundi anafunga tepu vizuri, imekwisha."

Nikainuka nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani Mama Teopista amenisalimia kwa mkono wa kushoto. Huwasalimia wote hivyo sasa. Mimi ndiye nisiyeweza kuuangalia.

Niandike basi, humu hakuna msomaji.

Aprili mwaka jana, matanga ya Ecodu. Mama Teopista, mweka hazina wetu, aliinua taa kuwasogezea waliokuwa wakimenya muhogo. Mkono ukashika kiungo cha waya. Umeme ulimtupa chini. Alipona, Mungu mkubwa, lakini vidole vya kulia havijafunga tena. Kitabu cha chama kinasema mvua. Watu wote wanasema mvua. Yeye mwenyewe anasema mvua.

Kile kiungo nilikifunga mimi. Tepu ilikuwa imeniishia, nikaona uvivu kurudi dukani. Nikazungushia kipande cha kavera, mfuko wa plastiki wa sukari, nikakaza kwa uzi. Alfajiri, wote wakiwa wamemzunguka yeye, nikakitoa nikakitia motoni. Kisha nikafunga kwa tepu ya kuazima, vizuri sana, ili atakayekuja kukagua akute kazi safi.

Nimeandika.

Jumatano, 12 Juni

Taa kumi tayari. Nimeziziba kwa silikoni. Nimetumbukiza moja kwenye beseni la maji ikiwaka na mkono wangu ndani. Hakuna kitu! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ijumaa, 14 Juni

Jana tulizijaribu, matanga ya bibi wa kina Ogwang. Mpaka saa tatu ilikuwa raha tupu. Wapishi walizihamisha wenyewe, hakuna aliyeita fundi. Manyunyu yakaja, hakuna aliyeshtuka. Mzee Opendi alikuwa amekunja mikono, lakini niliona anazihesabu.

Halafu zote zikazimika. Kumi! Pwa!

Nikafuata waya kwa tochi. Nyuma ya hema nikamkuta Bwire, mpiga kinanda wa kwaya, ana wembe. Ameuchubua waya wangu vizuri kabisa na kuunganisha chaja za simu. Ndivyo inavyofanywa kwenye kila matanga hapa, simu za waombolezaji lazima zichajiwe! Sikuwa nimewaza hilo hata siku moja. Nimewaza mvua, nimewaza wapishi, simu sikuwaza.

"Fundi, si waya ni waya?" akauliza. Nilimjibu vibaya. Mfiwa alikuwa hatua nne tu kutoka pale, naona aibu.

Sanduku lilikuwa limejizima lenyewe. Bwire hakupata hata kovu. Lakini nusu saa tuliimba gizani, mpaka Mzee Opendi alipoleta mkokoteni na kuwasha taa zake. Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 15 Juni

Bwire ameleta ndizi za kuomba msamaha. Nami nimemwomba msamaha. Nimeongeza kwenye sanduku mahali pa kuchomeka chaja. Kazi ya saa moja.

Mzee Opendi amepita kunieleza atakachosema kesho, asinivizie. Muungwana, hata akikupinga. Atasema: miaka ishirini waya hizi zimeumiza mtu mmoja, na hiyo ilikuwa mvua.

Ningeweza kumjibu pale pale. Lakini nikisema ukweli, watasema dawa ni tepu, si taa mpya. Au dawa ni fundi mwingine. Nikinyamaza, hoja yake imesimama, na viungo vya kuunga gizani vinabaki, na siku moja mwingine tepu itamwishia. Nimeogopa leo. Ndizi sijazigusa.

Jumapili, 16 Juni

Ukumbi wa kanisa, saa tisa. Naandika nikiwa benchi la nyuma, wanadhani naandika hoja. Beseni langu liko mezani, taa inawaka ndani ya maji. Mzee Opendi amesema, na amesema vizuri. Wati zake, spea zake, giza la Alhamisi. Alipofika kwenye mvua watu waliitikia kwa vichwa. Mwenyekiti Matayo ameuliza kama kuna swali kabla sijasimama mimi.

Mama Teopista ameinuka. Hakumtazama mtu. Amekwenda mezani na kuuingiza mkono wa kulia kwenye beseni, taratibu, mpaka kwenye kifundo. Vidole vyake vinaonekana vyote humo ndani, vimekaa wazi. Hakuna aliyemwambia aguse. Amesikia mimi ndiye niliyeitengeneza, akagusa.

Anauliza, mkono ungali majini: "Mimi na mvua sina ugomvi. Nataka tu kujua. Ile siku, kama tepu ilifungwa, maji yalipita wapi?"

Mzee Opendi anakuna kidevu, anasema pole pole kwamba hiyo ni ya kuuliza fundi aliyefunga. "Akiror ndiye alikuwa zamu. Atakumbuka."

Wamegeuka wote. Mama Teopista hajautoa mkono. Matayo ananiita jina, mara ya pili hii. Naweka kalamu chini; nitaanza na ile kavera.