Kava la kochi la Mama Tuzo

Jumapili

Mdomo wangu huu! Washenga wametoka Liuli kumposa binti wa Mama Tuzo, nami fundi makochi wa Mbinga nzima nikaalikwa. Mshenga akasifu kochi. Nikadakia, "Kazi ya mikono hii, mzee! Tazama mshono." Nikainua kava.

Chini makreti matupu ya soda na godoro kuukuu. Na nilijua! Mama wa watu alinishonesha lile kava ayafiche, asidharauliwe na wakwe.

"Kumbe tumekalia duka!" mshenga akacheka. Mimi, mcheshi wa mji, nikabaki nimelishikilia kava juu.

Mama Tuzo akalishusha kava taratibu. "Kaa, fundi. Chai inapoa."

Kesho nampelekea kochi langu. Mke wangu akiuliza tutakaa wapi, nitamwambia mimi panaponifaa ni chini.