Blanketi la Nakonde

Mkonze,
S.L.P. 1147,
Dodoma.
9 Juni 1996

Mpendwa mdogo wangu Ebenezer,

Salamu nyingi kutoka Mkonze. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Helga na watoto, na kwamba huko Ujerumani jua limeanza kuwakumbuka. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto bado linalia nikipanda ngazi, lakini kwa kuwa nyumba yangu haina ngazi, tunaelewana. Shemeji yako Ludovick ni mzima. Tangu astaafu anasikiliza taarifa zote za habari na kuzisahihisha.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Umeuliza harusi ya mpwa wako Yasinta ilikwendaje bila wewe, na kama uje tena mwezi wa nane kwa njia ileile, ndege mpaka Lusaka kwenye ile kazi yako, kisha barabara. Nitakujibu yote mawili, lakini nianze na habari za nyumbani.

Mvua ilikuja kwa kusuasua. Kule Mlali wamepata karanga nzuri na mahindi ya wastani, na alizeti imeliwa na ndege. Bahi mpunga umekubali. Ndugu yetu Thobias, yule mtoto wa mama mdogo, alituletea gunia zima, na tangu siku hiyo hatujaruhusiwa kulisahau.

Mjini maduka yamejaa. Unakumbuka tulivyokuwa tukipanga foleni kwa mche mmoja wa sabuni, na wewe ukinituma nikushikie nafasi ukacheze? Sasa sabuni zipo za kila rangi, na watu wanasimama kutazama bei zake kisha wanaendelea na safari yao.

Haya, habari ya mpaka. Najua ulikuwepo na mimi sikuwepo, ila hujui ilivyofika hapa nyumbani, na nimeona ni haki yako kujua.

Kumbuka Ludovick alikwenda kukupokea Tunduma kwa lori la Kishan, yule mwenye duka la vitambaa karibu na soko, lililokuwa linafuata mzigo. Lori lilirudi Ijumaa jioni, harusi ikiwa kesho yake. Tuliposikia honi tukatoka wote, majirani na watoto, Yasinta nywele zikiwa zimesukwa upande mmoja. Vigelegele vilianzia mlangoni. Akashuka Ludovick. Akashusha sanduku lako, akashusha blanketi limefungwa kwenye nailoni, akafunga mlango wa gari. Vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

Nikamwuliza uko wapi. Akanijibu, "Kumetokea suala la kiutaratibu." Mtu akikaa ofisini miaka yote ile, hata nyumba yake ikiungua atakwambia hivyohivyo.

Ilibidi tumtoe maneno kama mtu anayetoa mwiba. Ndipo tukaelewa kwamba asubuhi ya Alhamisi ulivuka vizuri kutoka Zambia na viza yako ya utalii uliyoipata Lusaka, ukagongewa muhuri, ukakaribishwa. Mkanywa chai. Lori lilikuwa bado linapakia, sanduku lako likiwa ndani tayari. Wewe ukakumbuka kwamba Mama analalamikia baridi, na kwamba ng'ambo, Nakonde, uliona mablanketi mazito yametundikwa nje ya duka. Hapo angekwenda Ludovick peke yake akalinunua, wewe ukamngoja kwenye lori, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini ulitaka kulichagua mwenyewe. Sikulaumu. Blanketi la mama mtu hulichagua mwenyewe.

Watu wa pale, anasema Ludovick, wanapita kwenda ng'ambo kama wanaokwenda kuomba chumvi kwa jirani. Yeye akakataa kabisa. Akakwambia mwenye pasipoti ya nje havuki mpaka kama kuku, akakushika mkono mpaka dirishani ukagongewe muhuri wa kutoka. Alikuwa na fahari, nadhani. Mkavuka, mkapatana bei, mkarudi kabla jua halijawa kali, na afisa yuleyule akakuonyesha kwamba viza yako ilikuwa ya kuingia mara moja, na mara hiyo umeshaitumia. Nyingine inatolewa Lusaka, usiku na mchana kwa basi. Ludovick anakiri kwamba afisa alisema kwa upole na alikuwa sahihi. Alimwonyesha hata kitambulisho chake cha zamani cha kazi. Afisa alikisoma chote, akakirudisha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ulikaa katika nchi uliyozaliwa kwa muda wa chai na maandazi. Afadhali Wazambia walikuwa wamekupa kibali cha kazi cha kuingia na kutoka, vinginevyo ungelala katikati ya mageti mawili na blanketi lako, na hapo lingekufaa.

Nilikasirika, Ebenezer. Kwa afisa sikuwa na neno, na Ludovick nilimnunia siku mbili tu. Niliikasirikia ile karatasi ya uraia uliyoichukua huko Ujerumani mwaka themanini na tano. Ulituandikia kwamba ni kwa ajili ya kazi, na kwamba hakuna kitakachobadilika. Hasira yenyewe imepita. Naitaja ili ujue ilikuwepo.

Mama alikuwa amekwishafika kutoka Mlali kwa ajili ya harusi, amelala chumba cha nyuma. Tulikubaliana tumwambie kwamba kazi imekuzuia Lusaka. Asubuhi akatoka, akatusikiliza, akatazama sanduku lako pale ukutani. Akauliza, "Sanduku limekuja kwa miguu yake?" Basi tukamweleza yote. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja, kwenye karatasi uliandikiwa umekuja kufanya nini. Ludovick akamwambia, kutalii. Mama neno hilo hakulijua, ikabidi Ludovick amfafanulie kwamba mtalii ni mtu anayekuja kutazama wanyama na milima, akimaliza anarudi kwao. Mama akasema, "Kumbe," akaomba maji ya kunawa.

Unajua kwetu binti hatoki mlangoni mpaka mjomba wake amshike mkono. Alisimama Thobias badala yako. Alivaa suti ya kijani na alitoa hotuba juu ya bei ya mpunga kuanzia tulipopata uhuru. Lakini kiti cha mjomba hakukikalia. Mama aliagiza blanketi liwekwe pale, ndani ya nailoni yake, na mtu yeyote asikae. Thobias akabaki wima tangu sala ya kwanza mpaka pilau, na naamini ndiyo sababu hotuba ilirefuka, hakuwa na mahali pa kuimalizia. Watu walicheka sana. Yasinta alijitahidi kucheka nao. Alipofika mlangoni alisimama kidogo akalitazama lile blanketi, kisha akatoka.

Sasa la mwezi wa nane. Nilikwenda kwa Kishan kuuliza, maana watu wa kwao wametawanyika na wanazijua njia hizi. Yeye ni Mtanzania, mama yake ana pasipoti ya Uingereza, kaka yake Vinod ni Mkenya, na wakitaka kula sikukuu yao ya Diwali sahani moja lazima kwanza wagonge milango ya balozi. Alinikalisha, akaagiza chai. Akasema, "Dada Evelina, viza ni kama kiberiti. Uliza kwanza kina njiti ngapi." Uombe ya kuingia zaidi ya mara moja, hata kama wanataka fedha zaidi, na uisome mbele ya aliyekupa kabla hujaondoka dirishani. Tena uangalie siku alizokuandikia afisa wa mpakani kwa mkono wake, kwa sababu hizo ndizo zinazohesabiwa. Mtu anaweza kuwa na viza ya miezi mitatu na akaandikiwa wiki mbili, asijue mpaka siku ya kutoka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiweke ndani ya sanduku, maana sanduku lako tumeshaona lina tabia ya kutangulia.

Alisisitiza pia kwamba muhuri wa kutoka ni wa siku unayotoka kweli. Ukishaingia Tunduma, njoo Dodoma. Ukitaka kitu cha Nakonde, atakwenda Ludovick, na wewe utakaa kwenye lori hata ukisikia wanagawa bure.

Nilimwuliza Kishan kama kwenye fomu pana mahali pa mtu anayekuja kwao. Alifikiri. Akasema pana utalii, pana biashara, pana kutembelea ndugu na pana kupita njia. Chukua kutembelea ndugu, Ebenezer, kama watakubali. Wakikataa, andika utalii, uje hivyohivyo. Mama nitazungumza naye.

Tena usipange kufika siku ya shughuli. Fika kabla, hata wiki. Safari hii hakuna harusi, kwa hiyo hakuna kitakachokusubiri isipokuwa watu.

Yasinta anakusalimu kutoka kwa mumewe, Morogoro. Anasema bado anamdai Mjomba mkono. Ludovick anakusalimu, na ameniomba niandike kwamba kwa mujibu wa taratibu yeye hakukosea. Nimeandika. Kuhusu lile jambo hajalala vizuri mpaka leo, lakini hilo hakuniomba niliandike. Thobias anakusalimu na kukumbusha juu ya gunia. Kishan naye anakusalimu, na sanduku lako lipo chini ya kitanda changu, nimeweka majani ya mwarobaini panya wasiingie. Wasalimie Helga na watoto, uwaambie shangazi yao anawatakia afya na akili darasani. Mungu awafunike wote, awalinde njiani na madirishani.

Mama nimemwacha mwisho. Jumatano iliyopita nilikwenda kumwona Mlali. Ni mzima, anabangua karanga, ila macho yamefifia na upepo wa mwaka huu ni mkali, asubuhi unamkuta amejikunja karibu na jiko. Usiku anajifunika lile blanketi lake la zamani la kijivu, ambalo sasa ni matundu yaliyoshikana. Lako limewekwa juu ya kasha, nailoni haijafunguliwa. Nilitaka kulifungua nimfunike, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Akaniambia atakayelifungua ni aliyelinunua.

Tulibishana kidogo, nikashindwa. Wakati wa kuaga nikamwambia nitakuandikia, kwa hiyo anipe maneno yake. Nilikaa tayari kusikiliza mengi, unamfahamu Mama. Alitazama nje, kisha akasema, "Mwambie huku ni baridi."

Ni mimi dada yako, anayekupenda na anayekungoja,
Evelina