Kengele Yetu Ilitoka Kiwandani Ulaya

Ndabibi. Jumapili, 5 Juni 1955

Nimepiga kengele ya kanisa kama kawaida. Sauti nzito, kama kugonga gunia. Wachunga ng'ombe walikiokota chuma hiki uwandani, wanajeshi wanakofanyia mazoezi, tukakitundika mlangoni wakati wa Pasaka. Mume wangu Yohana ni fundi wa chuma. Anasema kimejaa udongo. Jumamosi atakitia motoni akitoboe, kilie vizuri. Najivunia huyu mume.

Jumatano, 8 Juni

Mvua. Mkaa umelowa. Yohana amenuna, nami namsumbua juu ya kengele.

Ijumaa, 10 Juni

Shemeji Barnaba, mdogo wa Yohana, amefika kutoka Gilgil. Kazi yake huko ni kushusha masanduku ya silaha za jeshi, zinazotoka viwandani Uingereza. Nikampeleka aone kengele, nipate kuringa kidogo. Akarudi nyuma polepole.

"Shemeji, usiiguse tena. Hilo ni kombora. Ndani si udongo, ni baruti."

Nimeligonga kwa nyundo Jumapili zote hizo. Na kesho lingeingia motoni.

Jumamosi, 11 Juni

Yohana alitaka tulizike kimyakimya. Siku hizi za hali ya hatari, ukikutwa na risasi moja tu unanyongwa. Nikakataa. Wachunga ng'ombe watalifukua, na wengi ni watoto. Nikamwambia akiogopa nitakwenda mimi. Akavaa koti la kanisani, akaniachia saa yake, akaenda polisi Naivasha.

Mimi ndiye niliyemsukuma. Asiporudi je?

Jumapili, 12 Juni

Hakuna ibada. Hajarudi. Sili.

Jumatatu, 13 Juni

Amerudi ndani ya lori la jeshi. Mzima. Asante Mungu, asante sana.

Walimhoji mpaka wakachoka. Mwishowe ofisa akacheka: mwenye njama gani hutundika kombora mlangoni mwa kanisa? Wamelilipulia mbali uwandani, na madirisha yetu yakatetemeka. Askari mmoja alieleza kwamba lilirushwa kwenye mazoezi likakataa kulipuka. Fyuzi, yaani kiwashio chake, ilitoka kiwandani ikiwa mbovu.

Jumapili, 19 Juni

Leo nimegonga kipande cha reli. Kinalia vizuri.

Kwenye maombi nimemshukuru Mungu kwa mtu nisiyemjua, huko kiwandani Ulaya, aliyefanya kazi yake vibaya siku ile. Pengine alikaripiwa. Yohana alisimama kando yangu akiimba, sauti mbovu kama siku zote. Nimemrudishia saa yake.