Chumvi Yenye Kiu

Jumatano, mvua bado.

Mpaka sasa nayashangaa maji niliyoyakuta ndani asubuhi, maana paa la tembe letu la udongo halikuvuja hata tone.

Juzi mkwe wangu Zaina alifunga mzigo. Mumewe, mwanangu, yuko Sekenke, anawachimbia Waingereza dhahabu. "Mama, kuta zimeloa, Sofia anakohoa. Ijumaa nampeleka kwetu Ihanja."

"Nenda wewe na mzigo wako. Mjukuu wangu umwache!" Mdomo wangu huu. Lakini niliogopa asije akamchukua kweli.

Sikukanyaga darasa, kuandika alinifundisha mwanangu, ila chumvi yetu ya ziwani naijua. Kila masika hulowa chunguni, nami huitukana. Nikawaza, labda ina kiu. Basi jana niliitandaza kwenye vigae vya vyungu, kila chumba, hata kwa mbuzi, nikafunga milango.

Zaina akacheka. "Nyumba umeshaitia chumvi, Mama. Utaipika na nini?"

Asubuhi kila kigae kilikuwa na maji. Nikayakusanya, yakajaa kata nzima ya kuchotea maji. Kata nzima! Na sisi tulikuwa tukiyavuta kifuani pamoja na hewa.

Leo Sofia amekohoa mara mbili tu. Zaina kaufungua mzigo, kazirudisha nguo za mtoto, halafu kaniuliza, "Mama, chumvi imebaki?"