Vipimo Kwenye Ubao wa Baba

Kaka Anord,

Shikamoo. Hapa Kilolo baridi imezidi, ila Mama hajambo na mahindi yamekomaa vizuri. Barua hii nimempa kondakta wa basi la huko kwenu Ubaruku, maana wiki ya pili sasa hupokei simu.

Karakana aliyotuachia Baba imepata mashine ndogo ya kupiga msasa. Unaingiza ubao upande huu, unatokea upande wa pili ukiwa laini kabisa. Jumanne niliingiza ubao wa mninga alioupasua Baba mwaka ule aliofariki. Ulikuwa na vipimo vya penseli, mwandiko wake mwenyewe. Vikafutika. Nilipoupitisha mara ya pili vikatokea tena, vimekolea. Mara ya tatu hivyohivyo.

Nikamwita fundi Marcelino. Aliviangalia, akavua kofia.

“Eveline, hivi si vya kabati. Ni vya jeneza la mtu wa futi sita na inchi moja.”

“La nani? Baba alikuwa mfupi.”

Alinipima mimi, kisha tukampima Mama, tukamdanganya kwamba tunamtengenezea kitanda. Si sisi.

Ubao tumeuchoma. Lakini Mama ameniambia kuhusu kikohozi chako, kile ulichomkataza asiniambie.

Kaka, mwombe mwenzako hapo kwenye mashine ya mpunga akupime. Kama hufikii futi sita na inchi moja, nipigie tucheke. Kama unafika, usipige. Panda basi siku hiyohiyo, kondakta atanijulisha, nitakupokea stendi ya Iringa twende wote hospitali.

Mdogo wako asiye na kaka mwingine,
Eveline