Kitabu Ndani ya Debe la Unga

Mchumba wangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimefika hapa Nkuhungu. Bibi yako hajambo, na mbuzi wetu amezaa mapacha, wazuri kama babu yako. Unasema wenzako chuoni wanasoma vitabu vya mapenzi tu, ukauliza mimi napenda vipi.

Vya upelelezi. Shule niliiacha mapema, lakini muuaji namjua kabla mwandishi hajamjua.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilikuwa nauza mitumba, na riwaya nilizikodi sokoni, nikiziweka chini ya godoro. Ndoa yetu ilikuwa changa. Kila jioni nilimsimulia bibi yako nilipofikia, naye anashtuka: "Mume wangu, huyo karani simwamini."

Siku moja nikarudi mapema kutoka Bahi, nikamwona anazamisha kitabu kwenye debe la unga, kimejalidiwa kwa gazeti. Sikuwahi kumwona akisoma, nikajua kuna mwanamume anamletea. Siku kadhaa nilimchunguza kimya, hata usingizi ukanipaa, nikawaza kumrudisha kwao Msalato. Nikarudi tena bila hodi, nikakitoa debeni.

"Nani kakupa?"

"Wewe. Fungua."

Kilikuwa kile changu, cha chini ya godoro.

"Umefika wapi?"

"Nimekimaliza juzi, narudia."

"Na kushtuka kote kule?"

"Wewe unasoma kwa kidole, mume wangu. Ungejua nimemaliza, ungeacha kunisimulia."

Msalato hakwenda. Ila mpaka leo nikisimulia jambo naye akashtuka, namtazama mara mbili.

Babu yako, mpelelezi