Kalala Bado Anapigana

Baba yangu, sauti ya filamu zote za mtaa wetu wa Kamalondo,

Masomo yamesimama tena. Safari hii si ugonjwa. Walimu tumegoma, na huko mashariki vita vimewatawanya watu, wengine wamefika hapa Lubumbashi na watoto wao. Jirani ameniuliza mwalimu aliyegoma anafundishaje nyumbani kwake. Nikamjibu kwamba mgomo ni wa darasa, sebule haikugoma. Ungecheka, nakujua.

Jana nilipanga sebuleni mabenchi ya ukumbi wako, nikawasha televisheni, na ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ule mwaka wa ugonjwa wa korona? Wewe ulikuwa umeshafunga ukumbi wako wa video. Miaka mingi ulikaa kando ya kioo na mikrofoni, filamu inasema Kichina au Kiingereza, wewe unasema Kiswahili chetu, na kila shujaa unampa jina la mtaani ili watu wampende. Halafu zikaja simu na filamu za mtandaoni, kila mtu akawa anaangalia peke yake kwenye kiganja. Ulihamishia kiti chako kibarazani, ukanyamaza. Ule mtandao uliuita mwizi.

Shule zilipofungwa, nilikuwa nafundisha biolojia darasa la mwisho. Mwanafunzi aliyeninyima raha ni Mamie, yule wa parcelle, kiwanja cha jirani, aliyelelewa na shangazi yake. Shangazi alikuwa akiosha mawe ya madini, akasema wazi kwamba masomo yasipofunguliwa karibuni, Mamie ataenda naye. Sikumlaumu, sahani haijazwi kwa biolojia. Lakini wewe na mimi tulijua kwamba msichana akishazoea maji ya mawe, kalamu haimrudii.

Nikaenda kwa rafiki yangu wa mtaa wa Golf, ambako mtandao haukwami, nikapakua filamu za masomo kwenye simu: damu, moyo, figo, volkano. Nikaiunganisha simu na televisheni ya sebuleni, nikawaita vijana wa jirani. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Yule msimulizi wa filamu alisema Kifaransa mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa, na vijana wakatulia kwa adabu, macho yao yamekwenda mbali. Mamie alikuwa akichezea kandambili yake. Ndipo nikasikia sauti yako kutoka kibarazani, sauti niliyokuwa nimeshaizika.

"Kata son. Aba batoto habasikie kintu."

Nikakata sauti ya televisheni. Ukaingia na kiti chako, ukakiweka kando ya televisheni pale pale panapostahili, ukakohoa kidogo. Chembe nyekundu za damu ukazifanya akina mama wa sokoni, wamebeba hewa kwenye mabeseni, wanasukumana njiani na kutukanana kwa upole. Ilipotokea chembe nyeupe, kubwa, ya polepole, ukashusha sauti na kusema, "Njo huyu sasa. Kalala." Sebule nzima ikasogea mbele. Kalala akamzunguka mdudu, akamkumbatia, akammeza, na vijana wakapiga makofi. Baba, nilikuwa nimefundisha somo lile miaka yote na hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Ulikosea pia, tena sana. Figo uliigeuza askari wa barabarani anayekula rushwa, ikabidi nisimamishe picha na kusahihisha, nawe ukaninung'unikia kwamba naharibu filamu. Tukaelewana hivyo: wewe unasema, mimi nakata na kurekebisha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini nilipowapa jaribio, Mamie na nusu ya wenzake waliandika kwamba mwili unalindwa na Kalala. Nilitaka kulia. Wewe ukawakusanya, ukawaambia kwa uso mkavu:

"Kalala iko jina ya quartier. Ku examen munaandika jina ya carte: globule blanc."

Jina la mtaani likabaki sebuleni, la kitambulisho, yaani chembe nyeupe kwa Kifaransa, likaenda kwenye karatasi, na tangu siku hiyo hakuna aliyekosea.

Alasiri ile shangazi alipokuja kumchukua Mamie, kifua chako kilikuwa kinakusumbua. Sheria ya ukumbi wako ilikuwa kwamba filamu haiachwi bila mdomo. Msemaji akitaka kutoka anamgusa bega mtu wa benchi la mbele, naye anapokea. Ulimgusa Mamie. Shangazi alifika mlangoni na beseni lake akamkuta mtoto amekaa kwenye kiti chako, anaeleza jinsi moyo unavyosukuma damu, jina la mtaani kwanza, jina la karatasi baadaye, na wenzake wanamsikiliza. Alisimama hadi mwisho.

"Ule iko mutoto wangu?" akauliza. Halafu akaweka beseni chini. "Basi abakie. Nitaenda miye peke yangu."

Mamie alipita mtihani wa taifa. Wewe hukusubiri matokeo. Kule hospitali nilikuwa nimekushika mkono, nikajifanya kutania, nikauliza kama Kalala anapigana. Ukafumbua macho.

"Kalala anachoka, mama. Lakini usikate film. Batoto beko banaangaria."

Tulipokuzika niliikata, Baba. Nilikosa nguvu. Kiti chako nilikigeuza kuelekea ukutani, nikawa nafundisha shuleni kwa chaki tu.

Jana nilipowasha, nilikuwa na vijana wa mtaa na wawili waliokimbia kutoka Kivu. Nikakata sauti. Damu ikaanza kutembea kwenye kioo, na nikagundua kwamba sina mdomo. Mimi najua kusahihisha, sijui kusema. Filamu ikaenda kimya, vijana wakaanza kunitazama mimi badala ya televisheni. Nikahisi mkono begani. Mamie, anayesomea uuguzi sasa, alikuwa amepita kusalimu na koti lake jeupe mkononi. Akakigeuza kiti chako, akakaa, akakohoa kidogo.

"Njo huyu sasa," akasema.

Kijana mmoja wa Kivu akauliza Kalala ni nani. Mamie akasema ni jina alilopewa na baba wa nyumba hii, na jina la karatasi atawaambia baadaye, kwanza waangalie.

Mimi nikarudi mahali pangu. Nalia, ndiyo, lakini kidole kiko kwenye kitufe cha télécommande, na akikosea nitakata.

Lala, Baba, kiti kina mtu.

Binti yako, mshika télécommande